Barua ya wazi kwa mameneja wakuu wa besiboli Marekani: mnamnunua mchezaji au mnainunua Oktoba?

Waheshimiwa mameneja wakuu wa timu 30 za Ligi Kuu ya Besiboli,

World Series, yaani fainali ya ligi, ikishamalizika, zinapita siku tano tu kabla wachezaji huru, wale ambao mikataba yao imekwisha, hawajaruhusiwa kusaini popote. Shangwe hazijapoa, video ya ile homurani ya usiku mkubwa bado inazunguka kwenye simu, na wakala ameshaiweka mbele kabisa ya kabrasha analowaletea. Katika joto hilo ndimo mikataba mibaya hupikwa. Tunawaandikia juu ya swali mnaloulizana kila Novemba: mpigaji aliyewaka kwenye mtoano wa Oktoba ni nyota wa kweli, au ni moto wa vifuu, unaolipuka kwa kishindo na kuacha majivu kabla sufuria haijachemka?

Barua hii ni ya wazi, kwa hiyo tuwafungulie njia kwanza wasomaji ambao besiboli si mchezo wao wa kila siku. Msimu wa kawaida una mechi 162, na mpigaji wa kudumu hupata zamu zaidi ya 600. Akiupiga mpira akafika besi salama bila kosa la walinzi, hiyo ni hiti. Ukivuka uzio, ni homurani. Anayepata hiti 26 katika kila zamu 100 za kuhesabiwa ana wastani wa 0.260, na huyo ni mtu wa kawaida kabisa katika ligi ile. Baada ya hapo unakuja mtoano. Tangu 2022 zinaingia timu 12, na hata timu inayoanzia raundi ya kwanza na kufikishwa ukingoni katika kila raundi haiwezi kucheza zaidi ya mechi 22. Mpigaji anayefika fainali huwa na zamu 60 hadi 80, yaani wiki tatu hivi za msimu wa kawaida. Mchezaji akiwaka wiki tatu za mwezi Mei, gazeti linampa aya moja. Akiwaka wiki tatu za Oktoba, ninyi mnampa miaka mitano.

Fanyeni hesabu hii kwenye karatasi. Mchukueni mpigaji ambaye uwezo wake halisi ni 0.260, mpeni zamu 50. Kwa bahati tupu, mkono ule ule na jicho lile lile, ana nafasi kama 7 katika 100 ya kupata hiti 18 au zaidi, yaani wastani wa 0.360 na kupanda. Inaonekana ni ndogo. Lakini timu nne zinazofika hatua ya nusu fainali zina wapigaji 36 wa kudumu. Asilimia 7 ya 36 ni watu wawili au watatu, kila mwaka, hata kama hakuna hata mmoja aliyeongeza chochote kwenye uwezo wake. Shujaa wa Oktoba lazima apatikane. Tungeshangaa mwaka ambao amekosekana.

Kumbukumbu za mchezo zimejaa watu wa namna hiyo. Mwaka 1978 Willie Randolph wa Yankees aliumia, nafasi yake ikachukuliwa na Brian Doyle, ambaye kwenye World Series dhidi ya Dodgers alipata hiti 7 katika zamu 16, wastani wa 0.438. Wastani wake wa maisha yote katika ligi ni 0.161. Mwaka 1990 Billy Hatcher wa Cincinnati alipiga hiti 9 katika zamu 12 za fainali. Alikuwa mchezaji mzuri wa kawaida kabla, akabaki mchezaji mzuri wa kawaida baadaye. Kwa warushaji yupo Don Larsen: tarehe 8 Oktoba 1956 aliwaondoa wapigaji 27 mfululizo bila hata mmoja kugusa besi, jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifanya peke yake katika World Series. Alistaafu akiwa ameshinda mechi 81 na kupoteza 91.

Kipimo hicho kinadanganya upande wa pili vilevile. Ted Williams, mmoja wa wapigaji wakubwa kabisa wa mchezo huu, alicheza World Series moja tu, ya 1946, akapata hiti 5 katika zamu 25. Barry Bonds, mkubwa mwingine, aliingia Oktoba ya 2002 akiwa na wastani wa 0.196 katika mitoano mitano iliyotangulia, na watu wakawa wameshamwandikia hukumu kwamba moyo wake ni mwepesi. Mwaka huo akapiga homurani 8. Moyo haukubadilishwa. Zamu ziliongezeka, basi. Anayetaka kuona Oktoba ikipewa muda wa kutosha amtazame Derek Jeter: mechi 158 za mtoano, karibu msimu mzima, wastani wa 0.308. Msimu wa kawaida alikuwa na 0.310.

Tuisogelee zamu moja. Usiku wa tarehe 27 Oktoba 2011, St. Louis, mechi ya sita ya fainali, kipindi cha 9, ambacho kwa kawaida ndicho cha mwisho. Cardinals wako nyuma kwa mikimbio miwili, yaani alama mbili, watu wawili kati ya watatu wameshatoka, David Freese ameshahesabiwa straiki mbili kati ya tatu zinazomtoa mpigaji. Straiki moja zaidi na Texas Rangers ni mabingwa. Neftalí Feliz anarusha mpira wa moto, Freese anauwahi kwa kuchelewa kidogo, nao unaruka kuelekea kona ya kulia. Nelson Cruz anarudi nyuma kwa hatua za mtu asiyejua ukuta uko umbali gani, ananyoosha glovu, mpira unampita na kugonga ukuta. Mikimbio miwili inaingia, Freese yuko besi ya tatu. Kipindi cha 11 akapiga homurani na mechi ikaisha.

Rudini kwenye ule mpira wa kwanza. Cruz angekuwa amesimama hatua mbili nyuma zaidi, mpira ni wake, Rangers wanabeba kombe, na Freese anakumbukwa kama mtu wa mwisho kutoka. Gongo lake lingekuwa limefanya kazi ile ile kwa kasi ile ile. Oktoba hiyo ilimalizika kwa mikimbio 21 aliyoingiza, rekodi wakati ule, na tuzo mbili za mchezaji bora, ya nusu fainali na ya fainali. Mwaka uliofuata alipiga homurani 20 na kuitwa kwenye mechi ya nyota. Hakuifikia tena idadi hiyo. Mwaka 2013 alipiga 9, na msimu ulipoisha akauzwa.

Freese hakumgharimu mtu sana. Pablo Sandoval aligharimu. Mwaka 2012 alipiga homurani tatu katika mechi ya kwanza ya World Series, na 2014 akapata hiti 26 katika mtoano mmoja, rekodi mpya. Boston wakampa miaka mitano na dola milioni 95. Sasa tazameni kilichokuwa kimeandikwa nje ya Oktoba. Ile namba mnayoitumia wenyewe, inayojumlisha kufika besi na nguvu za kupiga, ilikuwa 0.909 mwaka 2011, ikawa 0.789, ikawa 0.758, ikawa 0.739. Ngazi za kushuka, moja kila mwaka, zinaonekana hata kwa mtu aliyesimama barabarani. Isitoshe alikuwa mpigaji anayefukuzia mipira iliyo nje ya eneo la straiki, tabia ambayo mkono wa kijana huifunika na mkono unaozeeka huianika. Mwaka 2015 alipata 0.245 na homurani 10. Julai 2017 aliachwa, na mkataba ulikuwa wa hadi 2019.

Randy Arozarena ndiye mnayemtaja kila mtu akijaribu kuwatuliza, kwa hiyo tumtazame kwa haki. Mwaka 2020 alikaa karantini kwa ajili ya korona akila kuku na wali na kupiga pushapu 300 kwa siku. Akarudi Tampa Bay, akacheza mechi 23 tu za msimu na kupiga homurani 7. Mtoanoni, katika mechi 20, alipiga homurani 10 na hiti 29. Hakuna aliyewahi kufikisha idadi hiyo ya homurani katika mtoano mmoja. Mwendo ule ukiuzidisha kwa mechi 162, unapata homurani 81. Alichopiga hasa mwaka 2021 ni 20, akachukua tuzo ya mchezaji bora chipukizi. Mwaka 2022 alipiga 20 tena, na 2023 akapiga 23. Kwa hiyo ndiyo, Oktoba ilionyesha kuna mtu pale. Ila ilimtaja kwa kipimo mara nne ya alivyo. Aliyeajiri mpigaji wa homurani 20 anayeiba besi 20 amepata mali nzuri. Aliyedhani ameajiri wa 81 atamzomea mtu asiye na kosa.

Kesi tunayotaka mkae nayo zaidi ni ya Daniel Murphy, kwa sababu pale kosa lilikuwa la kutoamini. Mwaka 2015 alikuwa na miaka 30, mchezaji wa Mets, na katika msimu mzima alipiga homurani 14, nyingi kuliko mwaka wowote wa maisha yake. Mtoanoni akapiga 7, zikiwemo za mechi sita mfululizo, rekodi. Kisha World Series ikamkauka: hiti 3 katika zamu 20, na katika mechi ya nne mpira ukapita chini ya glovu yake. Mets wakampa ofa rasmi ya mwaka mmoja, dola milioni 15.8. Akaikataa, nao hawakumfuata. Walimleta Neil Walker kutoka Pittsburgh. Washington wakamchukua Murphy kwa miaka mitatu, dola milioni 37.5. Mwaka 2016 alipata wastani wa 0.347, homurani 25, mikimbio 104 aliyoingiza, akashika nafasi ya pili kwenye kura za mchezaji bora wa ligi yake.

Kwa nini huyu na si yule? Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yalikuwapo kabla ya Oktoba. Kocha wa upigaji Kevin Long alikuwa amembadilisha: asogee karibu zaidi na sahani, ile besi ya nyumbani anaposimama mpigaji, ainamishe mwili, auwahi mpira mbele na kuuvuta hewani kuelekea upande wake wa kulia badala ya kuugusagusa kwenda popote. Nguvu hizo zilianza kuonekana nusu ya pili ya msimu, wakati hakuna aliyekuwa akitazama. Na hakuulipia ule uwezo kwa kupunga hewa: mwaka mzima aliondolewa kwa straiki mara 38 tu. Halafu angalieni zile homurani saba zilitoka mikononi mwa nani. Mbili kwa Clayton Kershaw, moja kwa Zack Greinke, moja kwa Jake Arrieta. Hao watatu ndio walioshika nafasi tatu za juu katika kura za mrushaji bora wa ligi hiyo mwaka huo. Zilizobaki ni za Jon Lester, Kyle Hendricks na Fernando Rodney. Hapo hakuna mrushaji wa kuokoteza.

Basi tunawaomba mfanye hivi kabla ya kufungua pochi.

Kwanza, wastani wa hiti wa Oktoba uwekeni pembeni kabisa. Russell Carleton, aliyechunguza namba zipi zinatulia baada ya muda gani, aliona kuondolewa kwa straiki kunaanza kusema kitu baada ya zamu 60 hivi, besi za bure (anazopewa mpigaji mrushaji akikosa shabaha mara nne) baada ya 120, homurani baada ya 170, na wastani wa hiti baada ya 900 na ushei. Oktoba moja haifiki 100. Maana yake, kati ya yote mliyoyaona kwenye runinga, kitu pekee ambacho kimepata muda wa kujieleza ni kama jamaa amepunguza kupunga hewa. Mkutano wenu uanzie hapo. Kwa kawaida huwa hakifiki hata mezani.

Pili, orodhesheni kila hiti yake kwa mkono. Ni hiti 20 au 25, kazi ya saa mbili. Andikeni nani alirusha, mpira wa aina gani, kasi gani, ulipita wapi. Mtoano una siku nyingi za mapumziko, kwa hiyo makocha huwaacha nje warushaji dhaifu, na hilo linampa sifa mpigaji. Lakini katika mfululizo wa mechi saba mrushaji wa akiba yule yule huonekana mara tatu au nne, na mpigaji humsoma. Hiti ya mara ya nne kwa mrushaji aliyechoka si sawa na hiti ya mara ya kwanza. Hesabuni pia mipira mingapi ilikuwa slaida, ile mipira ya kupinda, zilizosahau kujipinda zikaelea katikati ya sahani. Hizo hata mdogo wake angezipiga.

Tatu, kasi ya mpira unapotoka kwenye gongo. Tangu 2015 viwanja vyote 30 vina vifaa vya kuipima, na mnajua mpaka wa mpira mgumu: maili 95 kwa saa, yaani kilomita 153. Linganisheni Oktoba yake na Agosti na Septemba yake. Kama kasi ni ile ile ila hiti zimeongezeka, basi mipira imeangukia mapengoni, na mapengo hayasaini mkataba. Tangu 2024 hata kasi ya gongo lenyewe iko hadharani. Wastani wa ligi ni kama maili 72 kwa saa. Ikipanda maili moja au mbili na kubaki huko kwa wiki kadhaa, mwili umebadilika. Ikibaki palepale, usikilizeni ushahidi mwingine kwa sikio moja.

Nne, video. Isiwe ya homurani, kwa sababu kwenye homurani kila mtu ni mzuri. Tazameni zamu alizoshindwa. Miguu iko wapi kulinganisha na Juni? Mikono inaanzia bega au kifua? Aliacha slaida ngapi za nje ambazo mwezi Juni alikuwa akizifukuza? Kisha mpigieni simu kocha wake wa upigaji mumuulize tarehe. Mabadiliko ya kweli yana tarehe. Mkiambiwa "alijisikia vizuri tu", shukuruni na mkate simu.

Tano, igaweni Oktoba kwa raundi. Wapinzani nao wana wachambuzi, na baada ya mechi chache hubadilisha mchanganyiko wa mipira. Aliyewaka raundi mbili akazimika ya tatu huenda amepatiwa dawa. Tunasema huenda kwa sababu Murphy angefeli hapa, zile hiti 3 katika zamu 20. Ndiyo maana hakuna kipimo hata kimoja kati ya hivi kinachofaa kutumiwa peke yake, na mchambuzi wenu akiwaletea grafu moja iliyonyooka, mrudisheni akalete nyingine.

Sita ni kutia maji. Chai ikiwa na rangi kali, ongeza maji uone ladha halisi. Chukueni zamu zake 60 za Oktoba zenye hiti 24, yaani 0.400. Ongezeni zamu 500 za wastani wake wa kawaida, tuseme 0.260, ambazo ni hiti 130. Jumla ni hiti 154 katika zamu 560: 0.275. Hapo ndipo Oktoba inapostahili kumpandisha, kutoka 0.260 hadi 0.275, na hiyo 500 ni ukarimu. Kama bei mnayoombwa ni ya mtu wa 0.300, tofauti hiyo mnalipia kumbukumbu.

Usisahauliwe mwili. Adolis García alikuwa na Oktoba ya ajabu mwaka 2023, homurani 8 na mikimbio 22 aliyoingiza, rekodi, kisha akachanika msuli wa ubavu katika mechi ya tatu ya fainali. Eddie Rosario alipiga 0.560 katika nusu fainali ya 2021, Atlanta wakamrudisha kwa miaka miwili na dola milioni 18, na Aprili 2022 akafanyiwa upasuaji wa jicho. Mwaka huo wastani wake ulikuwa 0.212. Uchunguzi wa daktari uhusishe ubavu, nyonga na macho, kwa sababu mpigaji anapiga kwa hivyo vitatu kabla ya mikono.

Mkiona yote yanakubaliana, lipeni bila aibu. Carlos Beltrán alipiga homurani 8 katika mechi 12 mwaka 2004, Mets wakampa miaka saba na dola milioni 119. Mwaka wa kwanza alipiga 16 na kuzomewa, wa pili akapiga 41. Waliosema Mets wameinunua Oktoba hawakusoma vizuri: huyo alikuwa mchezaji bora chipukizi wa 1999, na mwaka huo huo wa 2004 alikuwa na homurani 38 na besi 42 za kuiba kabla mtoano haujaanza. Mtoano ulimpigia debe tu.

Na mkiwa na shaka, shaka iwekwe ndani ya mkataba: miaka miwili badala ya mitano, mwaka wa tatu uwe hiari ya timu, na bonasi zifuate idadi ya zamu atakazocheza. Mchezaji anayejua kwamba amebadilika atakubali miaka michache, kwa sababu anatarajia kurudi sokoni akiwa ghali zaidi.

Chama cha waandishi wa besiboli hukusanya kura za mchezaji bora wa msimu kabla mtoano haujaanza, ili Oktoba isiziguse. Tunaomba nanyi mjifungie hivyo hivyo. Siku ya mwisho ya mechi ya 162, kila timu iandike bei yake kwa kila mchezaji atakayekuwa huru, itie kwenye bahasha, na mkuu wa wachambuzi aifungie kabatini. World Series ikiisha, ifunguliwe. Atakayetaka kuongeza hata dola milioni moja juu ya namba ile aandike pembeni yake, kwa kalamu, ni kitu gani kilibadilika kwenye miguu, mikono au macho ya mchezaji, na tangu tarehe gani.

Wenu,
Wafuatiliaji wa besiboli wanaozungumza Kiswahili